Guild F-50 ya 1976: gitaa kubwa lenye mgongo uliobinuka

Ukilaza gitaa kavu la kawaida, yaani lisilotumia umeme, kifudifudi juu ya kitanda, utakuta mgongo wake ni bapa, au umejipinda kidogo sana kiasi kwamba jicho halitambui. Guild F-50 yangu haiko hivyo. Mgongo wake umebinuka waziwazi: unaanzia chini kwenye kingo na kupanda taratibu hadi katikati, kama mgongo wa fidla. Weka rula ndefu kuukatiza pale palipo pana zaidi, nayo itakaa juu ya kitovu tu, huku kila upande kukibaki nafasi ya kupitisha kidole.

Nimepiga gitaa tangu ujana wangu kule Butere, na kwa miaka mingi sasa naishi Lowell, Massachusetts, ambako Wakenya tumejaa. Vyombo vingi vimepita mikononi mwangu, lakini sijawahi kuwa na gitaa ambalo umbo la sehemu moja tu linaamua tabia yake yote namna hii. Wenzetu wananiuliza kila nikimaliza kupiga kwenye harusi au mchango: hilo gitaa ni la aina gani, na je, linafaa kununuliwa? Linafaa. Tena kwa muziki wetu wa vidole linafaa kuliko magitaa mengi yenye majina makubwa kulizidi. Ila kuna kitu kimoja cha kukagua kabla hujatoa pesa, na nitakieleza kwa kirefu kwa sababu ni kitu cha gharama.

Kwanza nimalize lile neno linalowatisha wanunuzi. Mgongo huu ni plaiwudi. Ni tabaka nyembamba za mti wa mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, zilizogundishwa pamoja na kushindiliwa ndani ya kalibu yenye joto hadi zikashika umbo la kubinuka. Wapenzi wa magitaa wamezoeshwa kuamini kwamba plaiwudi ni alama ya chombo cha bei ya chini na kwamba gitaa la maana lazima liwe la mbao nzima kila upande. Kwa magitaa mengi wanasema kweli. Zile galatoni, magitaa ya bei ya chini tuliyojifunzia nyumbani, zilikuwa plaiwudi mpaka usoni, na sauti ilifia ndani ya tumbo. Hapa mambo ni tofauti. Uso wa F-50, yaani ubao wa mbele unaobeba briji (kipande cha mbao kinachoshikilia nyuzi), ni mbao nzima ya mti wa sprusi isiyo na tabaka, na uso ndio unaofanya kazi kubwa ya kutoa sauti. Mgongo umepewa kazi nyingine, na kwa kazi hiyo plaiwudi iliyobinuliwa inaufaa kuliko ubao bapa.

Chukua kioo kidogo na tochi ya simu, ulegeze nyuzi, kisha uchungulie kupitia tundu la sauti. Ndani ya gitaa lenye mgongo bapa utaona vijiti vya mbao, mara nyingi vitatu au vinne, vimegundishwa kutoka ubavu hadi ubavu kushikilia mgongo usilegee. Vijiti hivyo ni vya lazima, maana ubao bapa mwembamba hauna nguvu yake wenyewe. Ndani ya F-50 hakuna hata kimoja. Unaona mepo tupu kutoka ukingo hadi ukingo, imejikunja kwa ulaini kama ndani ya bakuli, na lebo ya karatasi imebandikwa hapo katikati. Ule mbinuko wenyewe ndio nguvu. Kwa kuwa mgongo umejibeba, unaweza kutikisika wote kwa pamoja, na umbo lake linairudisha sauti mbele kupitia tundu. Piga nyuzi zote wazi huku umekumbatia gitaa tumboni: utausikia mtetemo ukikugonga hapo hapo kitovu cha mgongo kinapokugusa, na sauti inabaki hewani kidogo baada ya mkono kuondoka, kana kwamba umepigia ndani ya kanisa.

Wazo hili halikutoka hewani. Kampuni ya Guild ilianzishwa New York mwaka wa 1952 na Alfred Dronge, mhamiaji aliyezaliwa Poland ambaye alikuwa na duka la vyombo vya muziki huko Manhattan, akishirikiana na George Mann aliyewahi kuwa mkubwa katika kampuni ya magitaa ya Epiphone. Wakati huo Epiphone ilikuwa imekumbwa na mgomo na inahama kwenda Philadelphia, na mafundi kadhaa ambao hawakutaka kuhama waliingia Guild. Hawa walikuwa watu wa magitaa ya jazz, yale yenye uso na mgongo uliobinuka na matundu mawili ya umbo la herufi f. Mikono yao ilishazoea mbinuko. Walipoanza kutengeneza magitaa ya uso bapa kwa ajili ya waimbaji wa folki na kantri, mgongo wa kubinuka ukaja nao. F-50 lilikuwa ndilo kubwa na la kifahari zaidi katika kundi hilo la mwanzo, na jina lake la kwenye katalogi likawa Navarre. Dada zake wadogo ni F-40 Valencia na F-30 Aragon.

Kiwanda kilihamia Hoboken, New Jersey, mwaka wa 1956, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 kikahamia Westerly, mji mdogo ulioko kusini mwa Rhode Island. Dronge mwenyewe alifariki mwaka wa 1972 katika ajali ya ndege ndogo aliyokuwa akiirusha kuelekea Westerly. Kiwanda kiliendelea hadi mwaka wa 2001. Langu ni la kipindi hicho cha Westerly, na wapenzi wa Guild wakisema “Westerly” wanamaanisha kazi ya kutegemewa: viungo vimekaza, vanishi nyingi, mbao nene kidogo kuliko inavyohitajika. Hiyo vanishi ya nitroselulosi imegeuka rangi kwa umri. Uso ambao ulitoka kiwandani ukiwa mweupe sasa una rangi ya asali, na karibu na briji kuna nyufa nyembamba za vanishi zisizofika kwenye mbao.

Ukubwa nao usichukuliwe kirahisi. Sehemu ya chini ya mwili ina upana wa inchi 17, yaani sentimita 43 hivi. Gitaa la kawaida la mabega mapana ambalo wengi wetu tunalo lina takriban sentimita 40. Tofauti hiyo ya sentimita tatu ukiisoma ni ndogo, lakini ukiketi nalo utaisikia begani. Nafuu ni kwamba F-50 lina kiuno kilichoingia ndani vizuri, kwa hiyo linatulia pajani na halitelezi. Mtu mfupi atapata shida mkono wa kulia kuvuka ule upana. Mke wangu alilijaribu, akalirudisha kwenye kasha bila maelezo, na simlaumu. Pia ni zito, karibu kilo mbili na nusu, na ukipiga ukiwa umesimama ibada nzima, nunua mkanda mpana.

Sasa sauti. Magitaa ya mepo yana tabia ya kukata maneno. Kila nota inatoka peke yake, inasimama, inampisha mwenzake. Rozwudi, mbao nyingine ya kutengenezea magitaa, ni nzito na tamu, ina besi inayozunguka chumba, lakini ukipiga haraka nota zinapandana. Kwa mtu wa kucharaza polepole na kuimba peke yake sebuleni, rozwudi inaweza kuwa bora, na Guild wenyewe walilitambua hilo: kuanzia miaka ya 1960 walitengeneza F-50R, yenye mbavu na mgongo wa rozwudi, tena mgongo bapa. John Denver, mwimbaji wa Marekani wa folki na kantri, alipiga Guild kubwa za ukoo huu, za nyuzi sita na za nyuzi kumi na mbili.

Mimi natokea upande mwingine wa muziki. Napiga omutibo, mtindo wa Magharibi mwa Kenya uliojengwa na kina George Mukabi: gumba linatembea kwenye besi bila kupumzika, kidole cha shahada kinapita na wimbo juu, na pembeni kuna mtu anakwaruza chupa ya soda. Ukoo wake ni uleule wa Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, ambaye Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka wa 1952, na ambaye sahani zake zilivuma hadi Nairobi. Vidole viwili tu, na kila kimoja kina kazi yake. Muziki wa aina hii unadai gitaa linalotenganisha sauti. Besi isiwe tope. Wimbo wa juu usipotee chini ya chupa. F-50 linafanya hivyo kwa namna ambayo sikuitarajia kwa chombo chenye tumbo kubwa kiasi hiki. Besi inatoka nene lakini fupi, kama hatua za mtu anayejua anakokwenda, na uzi wa kwanza, ambao kwenye magitaa mengi makubwa huwa mwembamba na mkali, hapa una mwili. Nikiweka kapo (kibano cha kubana nyuzi zote) kwenye freti, vile vyuma vyembamba vinavyoikatiza shingo, ya tatu au ya tano, kama tulivyozoea, sauti haikondi.

Kuhusu nguvu ya sauti, nitatoa ushahidi mmoja. Tulikuwa na mchango wa matanga katika ukumbi wa kanisa, watu wengi, watoto wanakimbia, sufuria zinagongana jikoni. Maikrofoni zilikuwa za waimbaji tu. Baada ya nyimbo mbili, mzee anayesimamia mitambo akanijia, akainama sikioni:

“Ndugu yangu, hiyo gitaa umeichomeka wapi? Siioni kwenye mashine.”

“Haijachomekwa, mzee.”

Akazunguka nyuma yangu kutafuta waya. Alipoona mgongo wa gitaa akaugonga kwa kifundo cha kidole, akatikisa kichwa, akarudi kwenye mashine yake. Nilipiga hadi mwisho bila umeme na waliokaa viti vya nyuma walisikia. Kwa Wakenya wa ughaibuni, ambao shughuli zetu nyingi ziko kwenye kumbi zenye mitambo ya kuazima, hii ni sifa kubwa mno.

Halifai kwa kila kitu, niseme wazi. Ukilipiga kwa upole sana, kwa ncha za vidole, halifunguki. Linataka mkono wenye uamuzi. Gitaa dogo la Guild F-30 linajibu mguso mwepesi kuliko hili, na si ajabu kwamba Mississippi John Hurt, yule mzee wa bluzi mwenye mkono laini na gumba lisilochoka, alipatiwa F-30 baada ya kugunduliwa upya mwaka wa 1963. Kila nikimsikiliza Hurt namwona Mukabi, lakini Hurt alinong’ona, na F-50 si chombo cha kunong’ona. Studio pia mhandisi atahangaika kidogo kupata mahali pa kuweka maikrofoni, maana sauti inatoka nyingi na kwa ghafla. Sisi tuliishia kuiweka mbali, mkabala na pale shingo inapokutana na mwili, si mbele ya tundu.

Mapambo nitayapitia haraka ingawa ndiyo yanayovuta macho ya watu. Ubao wa freti ni eboni, mbao nyeusi ngumu, umepachikwa vipande vya mstatili vya chaza nyeupe, na ndani ya kila kipande kuna kabari ya abaloni, gamba la konokono wa baharini, ya kijani na buluu. Ukilisogeza chini ya taa, kabari zinawaka na kuzimika moja baada ya nyingine. Funguo za kukazia nyuzi ni Grover za rangi ya dhahabu. Dhahabu imeliwa na jasho kwenye mbili au tatu, lakini zinashika tyuni vizuri sana. Shingo ni mepo iliyounganishwa kwa urefu, ina mstari wa mbao nyeusi zaidi katikati. Upana wake juu kabisa ni milimita 43, na mwenye vidole vinene atatamani apate nafasi zaidi kidogo.

Tufike kwenye kile cha kukagua. Mkazo wa nyuzi kwa karibu miaka hamsini huivuta shingo mbele kidogo kidogo, nyuzi zinapanda mbali na freti, na mwishowe gitaa linakuwa gumu kupigwa kupita freti ya tano. Hili huyapata magitaa mengi ya zamani. Tiba yake ni kuing’oa shingo, kurekebisha pembe yake na kuirudisha. Kwa Guild za zama hizo kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu kiwandani shingo iligundishwa kwanza, kisha gitaa zima likapakwa vanishi pamoja. Vanishi imepita juu ya kiungo. Fundi lazima aikate kwa uangalifu kuzunguka kisigino chote cha shingo, alegeze gundi kwa mvuke, kisha baadaye aifiche ile alama. Mafundi wengine wakiona Guild wanapandisha bei palepale, na wana sababu.

Kwa hiyo nenda dukani na rula ya chuma iliyonyooka. Ilaze juu ya freti katikati ya shingo, uisogeze kuelekea briji. Shingo ikiwa na afya, ncha ya rula itatua juu kabisa ya mbao ya briji, au itaigusa kwa shida. Ikigonga ubavu wa briji, chini ya ukingo wa juu, shingo inahitaji kung’olewa. Kisha tazama ule mfupa mweupe unaobeba nyuzi kwenye briji. Kama umesagwa hadi unakaribia kuzama ndani ya mbao, ujue mwenye gitaa alishajaribu njia ya mkato ya kuzishusha nyuzi. Duka nililonunulia, kule New Hampshire ambako hakuna kodi ya mauzo, liliandika kwamba gitaa “liko tayari kupigwa.” Rula ilisema vingine. Niliwaonyesha, wakapunguza bei hadi dola 2,400, na fundi wangu akachukua 700 kwa shingo na freti mpya chache. Ukijumlisha zote mbili, bado sijapata kitu kipya cha bei hiyo chenye sauti hii.

Mgongo wenyewe hauna matengenezo, na hapo plaiwudi inalipa tena. Majira ya baridi huku, hita za nyumbani hukausha hewa mpaka magitaa ya mbao nzima yanapasuka migongo. Tabaka za mepo zilizopishanishwa nyuzinyuzi zake hazipasuki kirahisi hivyo. Uso wa sprusi ndio wa kuangaliwa. Weka unyevu ndani ya kasha kati ya asilimia 45 na 50, na usiliache kwenye buti ya gari usiku wa Januari.

Wanaotaka kusafiri nalo nyumbani wana jambo moja la kufurahia. Rozwudi ya Brazil iko kwenye orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka wa 1992, na gitaa la zamani lenye mbao hiyo linaweza kukuletea maswali mpakani. F-50 la mepo, lenye ubao wa freti na briji za eboni kama langu, halina mzigo huo. Tatizo ni ukubwa tu. Kasha la inchi 17 haliingii kwenye rafu ya juu ya ndege, kwa hiyo litakwenda chini na mizigo. Legeza nyuzi, jaza nguo chini ya kichwa cha shingo kisicheze, na utumie kasha gumu, kamwe usitumie mfuko.

Kama dola 2,400 ni nyingi, kuna njia ya kuupata mgongo huu kwa pungufu. D-25 nyingi za Westerly, kuanzia miaka ya 1970, zina mgongo wa kubinuka wa mahogani. Si jumbo, yaani magitaa makubwa kama hili, ni za mabega mapana, na sauti yake ni kavu na ya joto zaidi, lakini ukizishika utatambua undugu. Anayetaka nyuzi kumi na mbili atafute F-412, ambayo ina vyuma viwili ndani ya shingo badala ya kimoja ili ibebe ule mkazo wote. Na iliyo karibu kabisa na hili langu ni JF-30, iliyoanza kutengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1980: Westerly ileile, mepo ileile iliyobinuliwa, mapambo machache, bei ya chini. Ukiikuta na rula ikatua juu ya briji, lipa.